Kifua Kinapobana Wakati wa Kukimbia



Mnakumbuka siku ya posho ile tulipofanya mashindano ya mbio ya metre 1500. Kwenye mzunguko wa tatu, mwanafunzi mmoja wa kilasi ya tatu aliweka mkono juu ya kifua, akapunguza mwendo. Watu waliosimama kando ya kiwanja walipiga kelele: "Kaza! Usitupatishe haya!" Mimi pia nilikuwa kati yao, na sauti yangu haikuwa ya chini. Mtoto akatii, akakaza. Alipofika karibu na mti wa avoka, mbele ya kumaliza mzunguko, alianguka chini kama mzigo.

Kwa neema ya Mungu aliamka nyuma ya muda mfupi. Lakini maneno yalikwisha kuenea. Wamoja walisema: "Ni mvivu, amejiangusha." Wengine wakasema: "Hakukula asubuhi, njo maana." Na wengine tena walisema polepole, wakiangaliana: "Ile ni karuho. Wamemupatia sumu."

Jioni nilimuuliza yeye mwenyewe. Alinijibu: "Mwalimu, kifua kinanifunga tangu mwaka jana. Nikipanda mulima na bidon ya maji, kinanifunga. Nikipumzika, kinaniachilia. Sikusema juu niliogopa wataniita mwanamuke."

Munganga alisikiliza moyo wake, akatutuma kwenye hospitali kubwa kwa ekografi. Walikuta mlango mmoja wa moyo umeharibika. Haukuharibiwa na mbio wala na sumu. Uliharibiwa na ugonjwa wa koo wa utotoni ambao haukutunzwa vizuri. Yeye na wazazi wake wameniruhusu niandike habari hii bila kutaja jina lake, kusudi wengine wafunguke macho.

Basi leo, mimi mwalimu wenu wa biolojia, ninataka kueleza jambo moja: maumivu ya kifua wakati wa kukimbia yana lugha yake. Mara nyingi kwa kijana yanasema jambo dogo. Lakini mara kwa mara yanasema jambo kubwa sana. Anayejua kusikiliza anaweza kutofautisha, na anayeficha anajiweka hatarini.

1. Mambo gani yanapita ndani ya kifua tukikimbia?

Tuanze na kazi ya kawaida. Mtu mzima akikaa kimya, moyo wake unapiga mara 60 hadi 100 kwa dakika moja, na unasukuma damu karibu litre 5 katika ile dakika. Litre 5 ni karibu damu yote ya mwili. Akianza kukimbia kwa nguvu zote, misuli ya miguu inalia njaa ya oksijeni. Moyo unajibu kwa kupiga mbio: kijana wa miaka 16 anaweza kufika karibu mapigo 200 kwa dakika. Damu inayosukumwa inaweza kufika litre 20 na zaidi. Mapafu nayo, ambayo yalikuwa yanavuta hewa mara 12 hadi 20 kwa dakika, yanaweza kufika mara 40 au 50.

Mnaona basi: kukimbia ni mutihani wa moyo, wa mapafu, wa damu na wa misuli ya kifua, yote kwa mara moja. Kama kimoja kati yao kina udhaifu, ni pale kwenye mbio udhaifu utajionyesha, hata kama mtu akikaa kwenye banki anaonekana mzima kabisa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wengi hawalijui. Moyo hauli ile damu inayopita ndani yake. Una mishipa yake midogo inayouzunguka kwa nje, na ndiyo inayouletea chakula na oksijeni. Tena misuli yake mikubwa inapata sehemu kubwa ya damu wakati moyo unapolegea, katikati ya pigo moja na lingine. Moyo ukipiga mbio sana, ile nafasi ya kulegea inakuwa fupi. Kwa moyo mzima hakuna matata. Kwa moyo mgonjwa, njo pale njaa inaanza, na kifua kinabana.

Sisi tunaokaa kwenye milima ya Kivu tuongeze tena hili: ziwa Kivu liko karibu metre 1460 juu ya bahari, wakati ziwa Tanganyika liko karibu metre 770 tu. Kwa hiyo mwanafunzi anayetoka Uvira akija kusoma Bukavu anakuta hewa nyepesi kidogo, na milima ya kupanda kila siku. Kama anahema sana majuma ya kwanza, tusimcheke. Mwili wake unajifunza. Lakini kama majuma yanapita na kifua kinaendelea kumbana, aende kupimwa.

2. Maumivu ambayo mara nyingi si ya moyo

Wanganga wote wanakubali hili: kwa watoto na vijana, maumivu mengi ya kifua hayatoki kwenye moyo. Tuyataje yale ya kila siku.

a) Kichomi cha mbio. Ni maumivu yanayochoma kama sindano upande mmoja, chini ya mbavu, zaidi upande wa kuume. Yanakuja hasa kama mtu amekula bugali na maharagi ya kutosha, kisha akakimbia mbele chakula kishuke. Punguza mwendo, inama kidogo, finya pahali panapouma, vuta hewa ndani kabisa na kuitoa polepole. Kinapita. Kwa kukikinga, ngoja kama saa mbili nyuma ya kula chakula kizito.

b) Misuli na mifupa ya kifua. Mtu aliyelima, aliyebeba mbao, aliyefanya pompi nyingi za jimu, au aliyekohoa juma zima, kifua kitamuuma. Alama yake: ukifinya kwa kidole pahali fulani, unasema "hapa, hapa!" Ukigeuza mwili, panauma, ukikaa bila kutikisika, panatulia. Pumzika siku chache.

c) Kiungulia. Ni moto unaopanda toka tumboni kuelekea koo, pamoja na maji machungu mdomoni. Pilipili, mafuta mengi, na kukimbia tumbo likijaa, vinakiamsha.

d) Pumu, ile wengi tunaitaka asima. Hapa tuwe waangalifu. Si kila mwenye asima analia filimbi usiku. Kuna wale ambao inawashika tu wakikimbia, au dakika chache nyuma ya kumaliza. Kifua kinafunga, kikohozi kikavu kinakuja, pumzi inatoka kwa shida. Mavumbi ya kiwanja wakati wa kiangazi, hewa ya baridi ya asubuhi na moshi wa mbabula vinaongeza shida. Ugonjwa huu una dawa nzuri za kuvuta kwa mdomo, na mwenye asima anayetunzwa vizuri anaweza kucheza mpira kama wengine. Aanze polepole, apashe mwili moto dakika 10 hadi 15, na akumbuke dawa yake mfukoni, kama munganga alivyomwambia. Asiyetunzwa anaweza kufa kwa asima. Kwa hiyo tusiseme "ni asima tu."

e) Upungufu wa damu. Malaria ya mara kwa mara, minyoo, chakula kisicho na chuma, na kwa wabinti damu nyingi ya kila mwezi, vinapunguza nguvu ya damu ya kubeba oksijeni. Basi moyo unapiga mbio zaidi kusudi uongeze safari. Mtu anasikia moyo unagonga ndani ya kifua kama ngoma, anahema kwa kupanda ngazi, macho na midomo yake ni myeupe kwa ndani. Kipimo kidogo cha damu kinaonyesha jambo hili, na dawa iko.

Tena mtu anayekohoa kupita majuma mawili, anayekonda na kutoka jasho usiku, asisubiri mbio zimpime. Aende kupimwa kifua kikuu.

3. Alama moja ya zamani ambayo haijazeeka

Katika mwaka wa 1768 munganga mmoja wa Uingereza, William Heberden, alieleza wanganga wenzake wa London ugonjwa mmoja aliouona. Watu waliokuwa nao walishikwa na maumivu ya kubana ndani ya kifua wakitembea, zaidi wakipanda mlima na wakiwa wametoka kula. Waliposimama tu, maumivu yaliondoka. Wakati ule hakukuwa na ekografi wala mashine ya kuandika mwendo wa umeme wa moyo. Heberden alitumia masikio yake: aliwauliza wagonjwa na kuwasikiliza.

Wagonjwa wake walikuwa zaidi watu wa miaka mingi, ambao mishipa ya moyo imezibana. Vijana wa umri wenu hawapati sana ugonjwa ule. Lakini ulizo lake linatusaidia mpaka leo: Je, maumivu yanakuja na nguvu, na yanaondoka na pumziko? Kama jibu ni ndiyo, na kama yanarudi hivyo kila mara, hata kama ni mtoto wa miaka 13, munganga anapashwa kuusikiliza moyo. Sasa angalieni tena maneno ya ndugu yetu: "Nikipanda mulima kinanifunga. Nikipumzika kinaniachilia." Alikuwa na jibu mdomoni mwaka mzima. Hakuna aliyemuuliza.

4. Moyo wa kijana unaweza kuugua namna gani?

Njia ya kwanza inaanzia kooni. Kuna mdudu mdogo sana anayeitwa streptokoki. Anaingia kooni mwa mtoto, koo linauma, homa inapanda. Mama anampa maji ya moto na chumvi, siku chache zinapita, mtoto anaamka. Sisi tunafikiri imekwisha. Lakini kwa watoto wamoja, nyuma ya majuma mawili au matatu, askari wa mwili waliotumwa kumpiga yule mdudu wanakosea njia na kupiga mwili wenyewe. Magoti yanavimba, kesho ni viwiko, keshokutwa ni vifundo vya miguu. Ni ugonjwa wa rumatizimu kali, na unawashika zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Viungo vinapona bila alama, lakini milango ya moyo inaweza kubaki na kovu. Kila mara ugonjwa ukirudi, kovu linazidi. Miaka inapita, mlango unakuwa mgumu, haufunguki wala kufungika vizuri. Kisha siku moja kuna mbio za metre 1500.

Ndugu zangu, fikirini jambo hili. Penisilini, dawa ambayo iko kwenye vituo vyetu vingi vya afya, ikitolewa mbele siku 9 hazijapita tangu koo kuanza kuuma, inaweza kuzuia ugonjwa huu. Na mtu ambaye amekwisha kuupata, shindano la penisilini ya kukaa muda mrefu, kila majuma matatu au manne kwa miaka mingi, linakinga moyo wake usiharibike zaidi. Sitaki kusema kila koo linalouma linataka shindano, kwani makoo mengi yanapona yenyewe. Ninasema: mtoto mwenye koo kali na homa aonwe na munganga, na mtoto ambaye viungo vinamuuma kwa kuhamahama aonwe upesi.

Njia ya pili ni kuzaliwa nayo. Wengine wanazaliwa na mlango wa moyo usio mzuri, au na misuli ya moyo yenye unene kupita kiasi, au na kasoro katika umeme unaoongoza mapigo. Wanaweza kuwa na mwili wa nguvu, hata wakawa wachezaji wakubwa.

Wapenzi wa mpira wanalijua jina la Marc-Vivien Foé wa Kamerun. Tarehe 26 mwezi wa 6 mwaka wa 2003, kule Lyon katika Ufaransa, Kamerun ikicheza na Kolombia, alianguka katikati ya kiwanja bila mtu kumgusa. Alikuwa na miaka 28. Hakuamka. Wanganga walipochunguza mwili walikuta moyo wenye misuli minene kupita kawaida. Ugonjwa ule unaweza kupita toka mzazi kwa mtoto, njo sababu munganga mwenye akili anauliza habari za jamaa.

Lakini kuna habari nyingine, na hii ni ya mtoto wa inchi yetu. Fabrice Muamba alizaliwa Kinshasa, akahamia Uingereza akiwa mtoto. Tarehe 17 mwezi wa 3 mwaka wa 2012, akichezea Bolton juu ya Tottenham kule London, alianguka. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Watu walimfinya kifua bila kuacha, wakampiga umeme wa kuamsha moyo mara 15. Munganga mmoja wa moyo, aliyekuja kama mtazamaji tu, alishuka toka kwenye viti akasaidia. Muamba aliamka, akapona, ingawa aliacha kucheza mpira mwaka ule ule. Leo anaishi.

Na wa tatu ni Nwankwo Kanu wa Nigeria. Mwaka wa 1996, nyuma ya kushinda medali ya zahabu ya Olimpiki kule Atlanta, klabu yake mpya ya Inter katika Italia ilimpima, na wanganga wakakuta mlango wa moyo mbovu. Alipasuliwa mwezi wa 11 mwaka ule, akarudi kucheza, akafika mpaka Arsenal. Mwaka wa 2000 alianzisha shirika la kusaidia watoto wenye magonjwa ya moyo.

Foé, Muamba, Kanu: mmoja alikufa, mmoja aliokolewa na mikono iliyojua kazi yake, mmoja aliokolewa na kipimo kilichofanywa mbele ya kuanguka. Hakuna kati yao aliyekuwa mvivu.

Njia ya tatu ni ya damu. Katika Kongo ugonjwa wa SS ni wa watu wengi, na iko wenzetu wanaoishi nao. Chembe za damu yao zinajikunja kama mundu zinapokosa oksijeni au maji, na zinaziba mishipa midogo. Baridi, kiu, kuchoka sana na milima mirefu vinaweza kuamsha maumivu. Mwenye SS akisema kifua kinauma na anahema, hasa kama yuko na homa, hiyo si habari ya kungoja kesho. Apelekwe hospitali ile ile saa.

5. Je, ni karuho?

Wengi wananiuliza hivi, na sitawacheka. Ninajua hofu iliyo katika mitaa yetu. Lakini angalieni matokeo yake. Mtu akishaamini ni karuho, jamaa inaanza kutafuta nani amemroga, inauza mbuzi kwa kulipa dawa za kutapisha, na jirani anachukiwa. Wakati ule mlango wa moyo unaendelea kuharibika. Sumu haichagui kubana kifua wakati wa kupanda mlima tu na kukiachilia wakati wa kupumzika. Moyo unafanya hivyo. Tuombe, ndiyo, mimi ninaomba kila siku. Lakini Luka aliyeandika Injili alikuwa yeye mwenyewe munganga. Maombi na kipimo havigombani.

6. Maulizo sita ya kujiuliza

Italia iliweka sheria mwaka wa 1982 kwamba wachezaji wa mashindano wapimwe moyo mbele ya kucheza, na vifo vya ghafula kati ya wachezaji vijana vilipungua sana katika jimbo la Veneto ambako vilihesabiwa. Sisi hatuna mashine kwa kila mwanafunzi. Lakini maulizo hayalipishwi. Kila mmoja ajiulize, na mwalimu wa jimu awaulize wote mwanzoni mwa mwaka:

1) Je, kifua kimekwisha kukubana ukikimbia au ukipanda mlima, kisha kikatulia ukipumzika?
2) Je, umekwisha kuzimia au kukaribia kuzimia katikati ya mchezo?
3) Je, moyo wako unapiga ovyo ovyo, au mbio bila sababu?
4) Je, unachoka na kuhema kupita wenzako wa umri wako, na zamani haikuwa hivyo?
5) Je, katika jamaa yenu mtu kijana alikufa ghafula, au yuko mwenye ugonjwa wa moyo?
6) Je, utotoni uliugua viungo kwa kuhamahama, au munganga alikuambia moyo wako una sauti?

Anayejibu "ndiyo" kwa ulizo moja tu, asikimbie mbio za kushindana mbele ya kuonwa na munganga. Pengine atakuta hakuna kitu. Vizuri! Atarudi kukimbia bila hofu.

Tutofautishe tena jambo moja. Mtu aliyemaliza mbio, akasimama ghafula, akaona kizunguzungu na kuanguka, mara nyingi ni damu imebaki miguuni. Mlaze, inua miguu, ataamka. Ndiyo maana tunasema: ukimaliza, endelea kutembea kidogo. Lakini anayeanguka wakati angali anakimbia ni habari nyingine. Huyo, hata akiamka na kucheka, aende hospitali.

7. Mwenzako akianguka kiwanjani

Mguse bega, mwite kwa nguvu. Kama hajibu na havuti hewa sawasawa, moyo unaweza kuwa umesimama. Kukoroma kwa mbali mbali si kuvuta hewa. Mwili unaweza kutikisika kidogo sawa vile kifafa, usidanganyike. Usimwangie maji, usimtie kijiko mdomoni, usikimbie kutafuta mafuta.

Mmoja aende mbio kuita gari na munganga. Mwingine ampige magoti kando, aweke kisigino cha mkono katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, mikono imenyooka, na afinye kwa nguvu: kifua kishuke karibu sentimetre 5, kisha akiache kipande tena. Afinye mara 100 hadi 120 kwa dakika, ni kusema karibu mara mbili kila sekunde. Nyuma ya dakika mbili mwenzake ampokee, juu kazi hii inachosha. Wasiache mpaka msaada ufike au mgonjwa aanze kujitikisa. Ile dakika ya kwanza iko mikononi mwa wale wanaosimama karibu, na kwa masomo yetu, wale ni sisi.

Neno la mwisho

Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya watu wanaoshindana mbio, na katika barua ile ile aliwakumbusha kwamba mwili ni hekalu. Mimi nilizoea kuhubiri habari ya kwanza na kusahau ya pili. Siku ya posho ile nilipiga kelele "Kaza!" kwa mtoto aliyekuwa anatuambia kwa mkono wake mwenyewe pahali panapomuuma. Nimemwomba msamaha mbele ya kilasi yake. Yeye alicheka tu, akasema: "Hakuna neno, Mwalimu. Hata wewe haukujua."

Sasa anapata shindano lake kila majuma matatu. Munganga amemruhusu kutembea na kufanya mazoezi mepesi, na atamwona tena mbele ya kuamua mengine. Mwalimu wa jimu amempa saa ya mkono na kitabu: njo yeye anayeandika wakati wa wakimbiaji. Tena amepewa amri moja, na bwana Prefe ameikubali. Akiona mtu yeyote anaweka mkono kifuani, apige filimbi na kumtoa kiwanjani, hata kama ndiye wa kwanza, hata kama sisi walimu tunapiga kelele.

Siku ya posho iliyopita alipiga filimbi ile mara moja. Binti mmoja wa kilasi ya pili alitoka, akakaa chini ya avoka. Ilikuwa kichomi tu, alikuwa amekula viazi njiani. Alikasirika kidogo. Sisi wengine tulifurahi.

Mungu awalinde wote.